Yoti iliyotumika yenye sebule ya juu: ipi itafaa maji ya Lamu?

Mtu wa Lamu anayetafuta yoti iliyotumika, iwe ni kwa safari za familia au kwa kuwapeleka wageni Takwa, Pate na Kiwayu, huvutwa kwanza na sebule. Yoti ya kawaida humteremsha mtu ngazi kadhaa hadi chumba kilichozama chini ya sitaha, chenye vidirisha vyembamba ambavyo aliyeketi haoni kitu kupitia kwavyo ila anga. Katika yoti yenye sebule ya juu sakafu imeinuliwa na madirisha yamepanuliwa, hivi kwamba aliyeketi mezani huiona bahari, pwani na vyombo vinavyopita bila kuinuka. Kwa mzee ambaye magoti hayamruhusu kupanda na kushuka, na kwa mgeni anayechafukwa na tumbo akifungiwa chini, hiyo si anasa tu. Hata hivyo, sebule hununuliwa kwa macho, ilhali mambo mawili yanayoamua kama chombo kitafaa hapa kwetu, yaani mkuku wake (pezi zito lililo chini ya chombo) na njia zake za hewa, hayaonekani katika picha za tangazo. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: katika maji ya Lamu, yoti kuukuu iliyotunzwa, isiyohitaji maji mengi na inayopitisha hewa, ni bora kuliko yoti ya karibuni zaidi yenye mkuku mrefu na madirisha yasiyofunguka, hata kama zote mbili zinauzwa kwa bei moja.

Aina ninazozilinganisha ni tatu. Ya kwanza ni yoti zinazoundwa kwa wingi viwandani, zenye mkuku wa chuma uliofungwa kwa boliti chini ya mwili wa faiba. Mfano wake ni Jeanneau Sun Odyssey za Ufaransa zilizoandikwa herufi DS (deck saloon, yaani sebule ya juu), kama vile 42 DS na 45 DS, na Moody 45 DS, iliyochorwa na Bill Dixon na kuundwa na kampuni ya Hanse ya Ujerumani. Ya pili ni Southerly za Uingereza, ambazo mkuku wake huinuliwa na kushushwa kwa mashine ya haidroliki. Ya tatu ni Nauticat za Finland, hasa 33 na 44, ambazo ni nzito, zina milingoti miwili na chumba cha usukani kilichofunikwa, na ambazo wengi huzihesabu kuwa nusu chombo cha injini na nusu chombo cha matanga. Wapo watakaosema kwamba Nauticat si ya kundi hili. Mimi naiweka humu kwa sababu mnunuzi anayetaka kuona nje akiwa ameketi ndani atazikuta zikiuzwa pamoja, na fedha zake ni zilezile.

Mkuku na maji yetu

Yoti ya aina ya kwanza huhitaji kina cha takriban mita 2 ili ielee bila kugusa. Nauticat huhitaji kati ya mita 1.5 na 2, kutegemea ukubwa wake. Southerly, mkuku ukiwa chini, huhitaji zaidi ya mita 2, lakini mkuku ukiinuliwa hupita penye maji yasiyofika mita 1. Tofauti hiyo ya mita 1, ambayo katika bandari nyingi za Ulaya ni jambo la kufikiria tu, hapa ndiyo inayoamua ni visiwa vingapi utakavyovifikia.

Tazama njia ya Pate. Jahazi na mashua hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa mikoko kati ya Manda na bara, na hata vyenyewe husubiri maji yajae. Yoti ya mita 2 haina la kusubiri kwa usalama humo, hasa siku za maji mafu ambapo maji hayapandi vya kutosha. Lazima itoke nje ya Shela, izunguke Manda kwenye bahari wazi, kisha iingie kwa mlango wa Ghuba ya Manda, uleule wenye kina kirefu unaotumiwa na meli za bandari mpya. Wakati wa kaskazi safari hiyo hupendeza. Katika Juni na Julai, kusi linapovuma kwa nguvu na mawimbi kuumuka mlangoni, ni safari ambayo nahodha mwenye wageni wasiozoea bahari ataiahirisha mara nyingi kuliko atakavyoianza. Na ukishafika Pate, mji wenyewe hufikiwa kwa chombo maji yakiwa yamejaa, na ndiyo maana abiria wengi huteremkia Mtangawanda. Siyu nayo ina mkono wake wa mikoko usiomsamehe mwenye mkuku mrefu. Kwa hiyo mwenye Southerly ataziona sehemu za visiwa vyetu ambazo mwenye Sun Odyssey atazisimulia tu kwa umbali, na mwenye Nauticat atakuwa katikati.

Kuna faida nyingine ya mkuku unaoinuka ambayo watu wa Lamu wataielewa kuliko wauzaji wa Ulaya. Bamvua la kwetu hupandisha na kushusha maji kwa takriban mita 3, na kwa karne nyingi mafundi wameyatumia maji hayo kama kreni: chombo huletwa pwani maji yakijaa, maji yakipwa hukaa mchangani, kikasafishwa na kukalafatiwa, na maji yakirudi huelea tena. Southerly imeundwa kukaa hivyo. Tumbo lake lina sahani nzito ya chuma ambayo juu yake chombo husimama wima mchangani, mradi umechagua mchanga na si mwamba. Nauticat, ambayo mkuku wake umetandaa urefu wote wa chombo, inaweza kuegemezwa kwa nguzo imara, ingawa kwa uangalifu mkubwa kutokana na uzito wake. Sun Odyssey na Moody hazifanyiwi hivyo. Kila zikihitaji kupakwa rangi ya chini au kubadilishiwa valvu, zitaelekea kusini hadi kwenye karakana za Kilifi, Mtwapa au Mombasa, na kila safari ya namna hiyo ina gharama ya dizeli, ya mabaharia na ya siku za kazi zilizopotea. Anayekwenda Kilifi aulize pia kimo cha mlingoti wake kabla ya kuondoka, kwa maana daraja limekatiza mkono ule wa bahari.

Haimaanishi kwamba mkuku unaoinuka hauna adhabu zake. Mashine ya haidroliki ina mipira, mabomba na pampu zinazochakaa, na jina la Southerly limepita mikononi mwa wamiliki zaidi ya mmoja, hivyo vipuri huagizwa kwa subira. Ndani ya ala ambamo mkuku hupanda na kushuka, maji ya joto huotesha chaza haraka, na chombo kilichokaa miezi kadhaa bila kusogezwa huweza kukataa kuushusha kabisa. Isitoshe, usukani wake ni wa majembe mawili yaliyo pembeni, bila mkuku mbele yake wa kuyakinga na gogo au jiwe. Anayeikagua ashuhudie mkuku ukipanda na kushuka mara kadhaa, chombo kikiwa majini na pia kikiwa nchi kavu, na asikubali ahadi ya kwamba ulifanya kazi vizuri msimu uliopita.

Madirisha, jua na hewa

Yoti hizi zilibuniwa kwa watu wa bahari baridi, ambao haja yao ni kujificha mvua na upepo huku wakiendelea kuona wanakokwenda. Lamu iko karibu nyuzi 2 kusini mwa Ikweta. Jua hutupigia utosini, na dirisha pana lililolala kuelekea juu, ambalo kule huleta uhai, huku hugeuza sebule kuwa tanuri kabla ya saa nne asubuhi. Muuzaji atakuonyesha mapazia yake mazuri ya ndani. Mapazia ya ndani huzuia mwanga, lakini joto limeshapita kioo na limeshaingia; kinachosaidia ni kitambaa cha nje kinachofunika dirisha lenyewe, na turubai juu ya sitaha yote. Viyoyozi navyo vinataka jenereta au umeme wa gatini, na hapa chombo hulala nangani.

Kwa hiyo usihesabu madirisha. Hesabu yale yanayofunguka. Katika Sun Odyssey nyingi za DS vioo vikubwa vya ubavuni vimegundishwa moja kwa moja, na hewa hutegemea vifuniko vya juu ya sitaha, ambavyo chombo kikiwa nangani kikitazama upepo huikamata kusi vizuri sana. Taabu huja wakati wa maleleji, upepo unapokufa na kila mtu kukimbilia nje. Moody 45 DS ina sebule iliyo karibu sawa na usawa wa sehemu ya usukani, na mlango mpana wa nyuma ukifunguliwa sehemu hizo mbili huwa kama baraza moja. Hiyo ni nafuu kubwa, ingawa vioo vyake vikubwa vya mbele na kandokando navyo hupokea jua kwa wingi. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitarajii ni kwamba Nauticat, yenye sura ya chombo cha baridi kali kuliko zote, ina milango pande zote mbili za chumba chake cha usukani. Ukiifungua yote miwili, upepo hupita kutoka joshini (upande unakotoka upepo) hadi demani (upande wa pili) moja kwa moja, na chumba hicho huwa mahali pa kukaa hata adhuhuri.

Kisha kuna kuvuja, ambako ndiko ninakotaka mnunuzi atumie muda wake mwingi zaidi. Vioo vya yoti hizi aghalabu ni vya plastiki ya akriliki, ambayo kwa miaka ya jua hupata mipasuko midogo kama utando wa buibui, na gundi inayoishika hukauka na kuachana na faiba kuanzia pembeni. Pitisha ukucha taratibu kwenye ukingo wa kila dirisha kwa nje. Pale ambapo ukucha unazama, maji nayo yatazama. Halafu ingia ndani, ondoa mito ya viti, na utazame ubao ulio chini ya dirisha, hasa kwenye kona za mbele. Ubao uliobadilika rangi na kuwa mweusi umenywa maji kwa muda mrefu. Weka kidole kwenye doa na ukionje: chumvi inamaanisha maji ya bahari yamepita gundi, na hapo tatizo ni la dirisha lenyewe au kiungo chake na sitaha, ladha ya maji matamu inaelekeza kwenye mvua au mvuke. Hatimaye omba mpira wa maji. Mtu mmoja amwagie kila dirisha kwa robo saa bila haraka, akianzia chini kupanda juu, nawe ukae ndani na karatasi laini kavu zilizobandikwa chini ya kila fremu. Dalali mwenye haraka hatapenda zoezi hili, lakini hilo halikuhusu.

Ugunduapo kuvuja, uliza umbo la dirisha kabla ya kuuliza bei ya kulitengeneza. Madirisha ya chumba cha usukani cha Nauticat ni bapa, na fundi wa Mombasa anaweza kukata jingine kutoka kwenye bamba. Vioo virefu vilivyopindwa vya yoti za karibuni huagizwa kwa vipimo, husafirishwa kwa uangalifu, na hulipiwa ushuru vikifika. Dirisha moja la aina hiyo linaweza kumeza fedha ulizodhani utanunulia tanga jipya.

Upepo, mkondo na injini

Jengo lililoinuka juu ya sitaha hushikwa na upepo, na uzito uliopanda juu hukiondolea chombo sehemu ya utulivu wake. Katika yoti iliyochorwa vizuri wabunifu wamelifidia jambo hili kwa upana wa chombo na uzito wa mkuku, lakini chombo kinapobisha, yaani kinapokwenda kwa matanga dhidi ya upepo, hasara hiyo hubaki, na mwambao wetu haukosi siku za kubisha. Kutoka Lamu hadi Kilifi ni karibu maili 100 za bahari, na hadi Mombasa ni takriban 130. Wakati wa kusi upepo hutoka unakokwenda, na mkondo wa pwani unaoelekea kaskazini huweza kufikia noti (maili za bahari kwa saa) 3 hadi 4. Chombo kinachobisha kwa noti 5 dhidi ya mkondo wa noti 3 hakiendi popote pa maana.

Hapa Sun Odyssey hulipa deni lake la mkuku mrefu. Mkuku uleule unaoizuia kuingia Mkanda ndio unaoishikilia isisukumwe upande inapobisha, na miongoni mwa aina hizi tatu ndiyo yenye kwenda vizuri zaidi kuelekea joshini. Southerly ikiwa imeshusha mkuku huikaribia. Nauticat haibishi kwa namna ya kumfurahisha baharia; mwenye nayo huwasha injini, na injini yake ni kubwa kwa sababu hiyo hasa. Kwa mtu atakayezunguka visiwani tu, upungufu huo unavumilika. Kwa anayetaka kwenda Zanzibar na kurudi kwa matanga, hautavumilika.

Kuhusu injini yenyewe, sakafu iliyoinuliwa ni neema, kwani chini yake hupatikana nafasi ya injini, matangi ya maji na betri, na uzito huo wote hukaa chini katikati ya chombo. Nauticat ndiyo inayompa fundi nafasi bora: hufungua sakafu ya chumba cha usukani na kuizunguka injini. Gharama ya neema hiyo ni joto na kelele vinavyopanda sebuleni, na sponji ya kuzuia kelele ikiwa imezeeka na kumeguka, safari ya nusu siku kwa dizeli itawachosha wageni. Iwapo yoti ina mguu wa injini unaotokeza chini ya chombo badala ya shafti, uliza tarehe ya kubadilishwa mpira unaoziba tundu lake. Volvo Penta, kwa mfano, hushauri ubadilishwe kila baada ya miaka 7, na kazi hiyo hufanywa chombo kikiwa nchi kavu.

Jambo la usukani ni fupi. Sebule ikipanda, anayeshika usukani tezi (nyuma) huiona omo (mbele) kwa shida, na katika maji yenye nyavu, mashua zisizo na taa na waogeleaji wa Shela, hilo ni jambo la uhai. Mketishe kila mtu atakayeendesha mahali pa usukani, mfupi na mrefu, na muulize anaona nini mita 30 mbele. Nauticat, na baadhi ya Southerly na Moody, zina uwezo wa kuendeshwa kutoka ndani, ambao katika mvua ya masika ni faraja kubwa.

Ukaguzi wa mwili wa chombo

Mkaguzi wa vyombo aajiriwe na mnunuzi, alipwe na mnunuzi na aripoti kwa mnunuzi. Kanuni hiyo ni ya aina zote tatu, na kwa aina zote tatu chombo kitolewe majini.

Faiba iliyokaa miaka mingi katika maji ya joto hunyonya unyevu upesi kuliko ile ya maji ya baridi, na dalili yake ni malengelenge chini ya rangi, ambayo yakitobolewa hutoa majimaji yenye harufu kali ya siki. Malengelenge machache hayamtishi mwenye kujua kazi. Yakiwa yameenea chini kote, bei lazima ishuke au mnunuzi aondoke. Sitaha nyingi zina kiini cha mbao nyepesi ya balsa kati ya tabaka mbili za faiba, na maji yakipenya kwenye matundu ya skrubu, kiini huoza kimyakimya. Gonga kwa nyundo ndogo ya plastiki, ukisogea kidogokidogo: penye afya hulia kwa sauti kavu na ya juu, penye uozo hulia kwa sauti nzito iliyokufa. Ndiyo maana sitaha ya msaji, ambayo katika picha huongeza bei, mimi naihesabu kuwa inapunguza thamani kwa mnunuzi wa huku, kwa sababu zile za zamani zimefungwa kwa mamia ya skrubu, na adhuhuri huunguza nyayo za watoto. Sitaha ya faiba yenye rangi nyeupe isiyoteleza ni chaguo bora.

Nyaya za mlingoti zilizofikisha miaka 10 hadi 15 kampuni za bima hutaka zibadilishwe, hata kama zinang'aa. Katika yoti zenye sebule ya juu vyuma vinavyozishikilia nyaya hizo mara nyingi hupita nyuma ya makabati na mapambo ya mbao, mahali ambapo muuzaji atasema hapafunguki. Pafunguliwe. Chuma cha pua kisichopata hewa na chenye kuloa maji ya chumvi hupata nyufa ambazo hazionekani kwa nje, na mlingoti huanguka siku ya upepo, hauanguki gatini.

Mahali pa kununulia na karatasi zake

Sun Odyssey ndizo nyingi sokoni, na wingi huo huleta bei nzuri na vipuri vinavyopatikana, lakini nyingine zimetoka kwenye biashara ya kukodishwa, zina vyumba vingi vidogo na saa nyingi za injini. Southerly na Nauticat hupatikana zaidi Uingereza na Ulaya ya Kaskazini. Kuileta yoti kutoka huko kwa matanga kupitia Bahari ya Shamu si jambo la kushauriwa tangu mashambulizi ya vyombo yalipoanza huko mwishoni mwa mwaka 2023, na ingawa tarehe 1 Januari 2023 Bahari ya Hindi iliondolewa kwenye orodha ya maeneo hatari ya uharamia, kabla mwaka huo haujaisha vyombo vilitekwa tena upande wa Somalia. Zinabaki njia ya kuizunguka Afrika Kusini na njia ya kuipakia juu ya meli hadi Mombasa, na zote mbili ni ghali. Kwa hivyo yoti iliyokwisha kufika Afrika Mashariki na mwenyewe, ikiwa imetia nanga Kilifi, Mtwapa au Zanzibar, inastahili kuangaliwa kwanza, hata kama si aina uliyoiota.

Yoti ya namna hiyo huwa na bendera ya kigeni na imeingia nchini kwa kibali cha muda. Kununua yoti hiyo ni kununua pia ushuru wake wa forodha pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, kwa hiyo hesabu ya KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) ifanywe kwa maandishi kabla ya kulipa hata arubuni. Uthibitisho wa umiliki nao uangaliwe kwa makini. Cheti cha Rejista ya Vyombo Vidogo ya Uingereza, kinachoitwa SSR, hakithibitishi umiliki. Rejista yao ya Sehemu ya Kwanza huthibitisha, na huonyesha pia kama chombo kimewekwa rehani. Dai hati zote za mauziano tangu mmiliki wa kwanza. Chombo kilichouzwa Ulaya kikiwa kipya baada ya Juni 1998 kinapaswa kuwa na alama ya CE (ya kufuata kanuni za Ulaya) na nambari ya utambulisho iliyochorwa upande wa kulia wa tezi. Linganisha nambari hiyo na karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Anayekusudia kubeba abiria kwa malipo azungumze na Mamlaka ya Masuala ya Baharini ya Kenya mapema, kwani ukaguzi, leseni, sifa za nahodha na vifaa vya kuokolea vinaweza kubadilisha hesabu nzima ya biashara.

Nani achukue ipi

Nahodha wa Lamu mwenye kazi ya wageni wanaolala chomboni siku kadhaa, wakitembezwa Manda, Pate, Ndau na Kiwayu, achukue Southerly, hata ikiwa imetangulia kuundwa kwa miaka mingi kuliko Sun Odyssey anayoonyeshwa, mradi haidroliki na ala ya mkuku vimepita ukaguzi. Sirius za Ujerumani, ambazo nazo hutolewa kwa mikuku ya namna mbalimbali ikiwemo miwili ya ubavuni, zingefaa kwa sababu ileile, lakini ni chache na bei zake haziteremki kirahisi. Lakini ikiwa wageni hao wanakuja kwa safari ya mchana tu na kurudi mjini kulala, namshauri asinunue yoti yoyote. Mgeni aliyefika Lamu anataka kupanda jahazi, na jahazi lililotumika hukaguliwa, hutengenezwa na kushonewa tanga na mafundi wa Matondoni na Kizingitini, kwa mbao na misumari inayopatikana hapa hapa, bila kusubiri kifurushi cha kutoka ng'ambo.

Familia inayotaka kwenda Zanzibar, Pemba na ng'ambo zaidi kwa matanga, na iliyo tayari kulala nangani nje ya Shela na kutumia mashua ndogo kwa safari za ndani, haitajutia Sun Odyssey 45 DS au Moody, endapo itatenga fedha za turubai, vitambaa vya nje vya madirisha na feni kabla ya kufikiria vifaa vya kielektroniki. Watu wawili wa makamo watakaoishi chomboni bila haraka ya kwenda popote, ambao hawajali kuchoma dizeli wanapohitaji kurudi kusini, watapata katika Nauticat 33 chombo imara, chenye usukani uliokingwa, hewa ya kupita na injini inayofikika. Kila mmoja wao aweke kando angalau robo ya bei ya ununuzi kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza, na asiye na robo hiyo atafute chombo kidogo zaidi.

Jaribio la baharini lifanyike baada ya ukaguzi na kabla ya malipo ya mwisho. Muuzaji aliye Kilifi, msimu wa kusi, atapendekeza kukimbilia kaskazini upepo ukiwa nyuma, mkondo ukisukuma na kila mtu akitabasamu. Katika hali hiyo hata chombo kibovu huonekana chema. Mkubalie nusu saa, kisha mwombe ageuze omo kusini, akaze matanga na abishe kwa saa nzima, nawe uwe ndani ya sebule umevua viatu, unapapasa sakafu chini ya kila dirisha kuona kama pameloa.